Ganda Lililokataa Kuingia

Leo tunaacha tarakilishi kando kidogo. Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za programu, lakini mdudu niliyemwinda Oktoba hakuwa ndani ya msimbo. Alikuwa ndani ya debe la vipande vya shaba, katika gereji ya shemeji yangu huko Texas, Marekani. Naomba uvumilivu. Ukishasoma utaona ni kazi ileile tunayoifanya kila siku, ila hapa ukikosea skrini haigandi. Hapa ukikosea unaweza kupoteza jicho.

Kwanza maelezo kwa ambao hawajawahi kushika kitu hiki. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki ndogo kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa cha risi chenyewe ambacho ndicho huruka. Bunduki ikifyatuliwa, kichwa kinakwenda, baruti inateketea, fataki inakufa. Ganda linabaki, nalo ndilo sehemu ya bei ghali zaidi ukiligawanya kwa matumizi ya mara moja. Kwa hiyo Wamarekani wengi wanaowinda au kulenga shabaha huokota maganda yao, huyasafisha, huyarudisha katika umbo lake, kisha huyajaza upya nyumbani. Ni jambo la kawaida huko kama vile sisi tunavyojaza tena mtungi wa gesi. Hapa Kenya ni habari nyingine kabisa. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na bunduki yoyote inahitaji kibali chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kwa hiyo usinisome kama mtu anayekuambia ukajaribu. Nisome kama fundi wa programu aliyepewa tatizo la vipimo.

Neno muhimu hapo ni "kurudisha umbo". Ganda linapolipuka haliwi lile lililoingia. Bunduki ya shemeji inatumia risasi za .308 Winchester, aina iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1952, na shinikizo la juu linaloruhusiwa ndani yake kwa viwango vya Marekani ni pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la gari dogo la kawaida lina kama pauni 32. Piga hesabu mwenyewe. Chini ya shinikizo hilo shaba inavimba mpaka inagusa kuta za chemba pande zote, inaziba ili moshi usirudi usoni mwako, kisha inanywea kidogo tu. Kidogo hicho ndicho kinachokuwezesha kulitoa. Ganda lililotoka sasa ni nakala ya ndani ya ile chemba, na chemba za bunduki mbili hazifanani hata kama zimetoka kiwanda kimoja siku moja.

Tofauti hiyo inapimwa hivi. Ganda la .308 lina umbo la chupa: mwili mpana, bega lenye mteremko wa nyuzi 20, kisha shingo nyembamba. Linapoingia ndani ya chemba, kinacholizuia lisiende mbele zaidi ni lile bega. (Risasi za zamani kama .303 ya Waingereza, ambayo babu zetu wa King's African Rifles waliibeba, zilizuiwa na ukingo wa kitako. Ni muundo mwingine.) Kwa hiyo kipimo chenye maana ni umbali kutoka kitakoni hadi pale bega linapofika kipenyo cha inchi 0.400. Mafundi wa bunduki wana geji za chuma: ile fupi, ambayo komeo la bunduki lazima lifunge juu yake, ni inchi 1.630. Ile ndefu, ambayo komeo likifunga juu yake bunduki inaondolewa kazini, ni inchi 1.638. Kati ya bunduki inayobana na bunduki iliyochoka kuna sehemu nane za elfu moja ya inchi. Kuanzia hapa kila sehemu ya elfu moja ya inchi nitaiita nukta, maana tutazitaja sana. Nukta mbili ni kama nusu ya unene wa karatasi ya kuchapia.

Sasa kisa chenyewe. Msimu wa kuwinda kulungu Texas huanza Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Shemeji alikuwa amemwahidi mpwa wangu, ambaye ana miaka kumi na minne, kwamba mwaka huu angekwenda naye na angepiga kwa risasi walizozijaza wenyewe. Kijana alikuwa amehesabu siku ukutani. Walikuwa na maganda ya aina mbili: kama arobaini yaliyopigwa na bunduki yao wenyewe mara nne au tano, na mfuko mwingine wa maganda walioununua kwa mtu, "yamepigwa mara moja tu," alivyosema. Wakayachanganya yote kwenye debe moja. Nilipofika walikuwa wameshajaza ishirini, na saba kati ya hizo zilikataa. Zinaingia, komeo linashuka nusu, halafu linagoma. Shemeji alikuwa akilisukuma kwa kiganja.

"Ukilazimisha inaingia," akaniambia.

"Shemeji, na ikiingia halafu isitoke?"

Hapo akanyamaza. Risasi hai iliyokwama ndani ya mtutu ni jambo ambalo hata mwindaji mzoefu halipendi. Tukakubaliana mambo mawili kabla ya yote. Hizo saba hazirudishwi kwenye kalibu zikiwa zimejazwa. Zilibomolewa kwa ile nyundo ya plastiki inayong'oa kichwa cha risasi, na baruti ikawekwa kando. Na kuanzia hapo, majaribio yote yangefanywa kwa maganda matupu, yasiyo na fataki wala baruti, na komeo lililotolewa pini ya kupigia na ile springi inayorusha ganda nje. Komeo likiwa uchi namna hiyo, linashuka kwa uzito wake lenyewe ganda likiwa sawa. Ganda likizidi hata nukta moja unalisikia kidoleni. Wenye kuandika programu mtanielewa: usijaribu kwenye mfumo ulio hai kama unaweza kutenga kipande kimoja na kukijaribu peke yake.

Namna ya kurudisha umbo ni hii. Kuna kalibu ya chuma kigumu iliyochongwa ndani kama chemba ndogo kidogo. Inafungwa kwa skurubu juu ya mashine yenye mkono mrefu. Unalipaka ganda kilainishi (ukisahau, linakwama humo na siku yako imekwisha), unaliweka kwenye kishikio, unavuta mkono, ganda linapanda ndani ya kalibu na kubanwa. Unateremsha, limerudi dogo. Rafiki mmoja wa shemeji alikuwa amemshauri asibane sana ili shaba isichoke, kwa hiyo kalibu ilikuwa imefungwa juu kidogo, haigusi kishikio. Nia ilikuwa nzuri.

Lakini hapa pana jambo ambalo liliniduwaza, na ndilo lililonifanya niandike. Nilidhani, kama mtu yeyote angedhani, kwamba ukibana ganda kidogo linakuwa fupi kidogo, na ukilibana sana linakuwa fupi sana. Mstari ulionyooka. Sivyo! Shaba ikibanwa ubavuni lazima iende mahali, kama dawa ya meno ndani ya tyubu. Kuta za kalibu zinaanza kubana mwili wa ganda kabla paa la kalibu halijafika kwenye bega. Kwa muda huo wote shaba inasukumwa juu, na bega linasogea MBELE. Ni pale mwisho kabisa, paa la kalibu linapoligusa bega, ndipo linaporudishwa nyuma. Kwa hiyo ganda lililobanwa nusu linaweza kuwa refu kuliko lilivyotoka kwenye bunduki, na likagoma kuingia kwenye chemba ileile iliyolizaa.

Tulilipima. Kifaa ni cha bei nafuu: kalipa ya kawaida na kipande cha alumini chenye tundu la inchi 0.400 kinachofungwa kwenye taya lake. Namba inayoonyesha si ya kuapia mahakamani, ila ni sahihi kwa kulinganisha, na kulinganisha ndiko tulikotaka. Fataki iliyokufa tuliitoa kwanza, maana mara nyingi hutokeza nje kidogo na kukudanganya. Ganda lililotoka kwenye bunduki yao lilisoma 1.631. Kalibu ikiwa pale ilipokuwa, lilisoma 1.633. Limebanwa, limeongezeka nukta mbili! Mpwa wangu alidhani kalipa imeharibika. Tukateremsha kalibu kidogo, 1.632. Tena kidogo, 1.630. Tena, 1.629, na komeo likashuka lenyewe kama mlango uliotiwa mafuta. Nukta mbili chini ya kipimo cha chemba, na hapo ndipo wanapopendekeza wengi kwa bunduki ya komeo la mkono. Zile zinazojipakia zenyewe hupewa tatu au nne, kwa sababu hakuna mkono wa kusukuma.

Kuna hesabu tamu hapa. Skurubu ya kalibu hizi ina mizunguko 14 kwa inchi, takriban kwa kampuni zote. Mzunguko mmoja kamili ni inchi 0.0714. Gawanya kwa nyuzi 360: kila nyuzi ni sehemu moja ya tano ya nukta. Nukta mbili ni nyuzi kumi za mzunguko, chini ya dakika mbili kwenye uso wa saa ya ukutani. Shemeji alikuwa akizungusha robo, anajaribu, anarudisha robo. Robo mzunguko ni nukta 18! Alikuwa anaruka juu ya jibu kila mara, huku na huku. Tulichora mstari kwa kalamu kwenye kalibu na mwingine kwenye mashine, na kazi ikawa ya dakika kumi.

Ningependa kusema tulimaliza hapo. Tulichukua maganda mengine kumi kutoka kwenye debe, kalibu ikiwa haijaguswa, na matatu yakagoma. Kalibu moja, mkono mmoja, kilainishi kimoja, matokeo mawili. Kila mwandishi wa programu anaijua hali hii na anajua kishawishi chake: bana zaidi, yote yataingia, twende tukale. Shemeji aliushika mkono wa mashine tayari.

Nikamwomba kalamu ya wino mweusi. Ganda lililogoma tukalipaka wino mwili mzima, tukaliingiza taratibu, tukalitoa tuangalie wino umefutika wapi. Moja lilifutika begani. Mawili yalifutika chini, karibu na kitako, na begani hayakuguswa kabisa. Kwa hiyo walikuwa wadudu wawili wenye dalili moja. Na yale mawili yalikuwa na kitu kingine ambacho mpwa wangu ndiye aliyekiona kwa macho yake ya ujana: mistari myembamba ya masizi iliyoshuka ubavuni kwa nafasi sawasawa. Nilicheka. Hiyo ni alama ya bunduki ya G3 na jamaa zake, ambazo chemba yake ina mifereji ndani ili moshi upite na kuliachia ganda. G3 ndiyo hiyo mliyoiona mikononi mwa polisi wetu kwa miaka mingi. "Yamepigwa mara moja tu," kweli, lakini na bunduki yenye chemba pana na fujo nyingi, na shaba karibu na kitako ilikuwa imevimba kuliko kalibu ya kawaida inavyoweza kurudisha.

Shaba ina tabia moja zaidi: inakumbuka. Ukiibana inarudi nyuma kidogo, na kadiri ilivyokuwa ngumu inarudi zaidi. Shaba hii ni shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, na kila unapoivimbisha na kuibana inazidi kuwa ngumu, kama waya unaoukunja mara nyingi. Ndiyo maana ganda lililopigwa mara tano na ganda jipya, ndani ya kalibu ileile, hayatoki na urefu mmoja. Mashine nayo inajikunja kidogo ikikutana na ganda gumu. Kuna dawa: kuipasha moto shingo na bega, si kitako kamwe, ili zilainike. Au, bila moto, kulishikilia ganda ndani ya kalibu kwa sekunde chache, kulizungusha nusu na kulibana tena. Tulifanya hivyo kwa lile lililogoma begani likapona. Yale ya G3 yalihitaji kalibu ya aina nyingine inayobana chini zaidi, ambayo hatukuwa nayo.

Turudi kwenye ule mkono wa mashine uliokuwa umeshikwa tayari. Kwa nini nilimzuia? Si ndiyo, ukibana mpaka mwisho ganda linaingia?

Linaingia. Tatizo ni kinachofuata. Ganda likiwa fupi mno, linakaa ndani ya chemba na nafasi nyuma yake. Pini inapopiga fataki inalisukuma mbele mpaka bega liguse. Kisha shinikizo linapanda, kuta nyembamba za mbele zinavimba na kushika chemba kama gundi, lakini kitako kinene hakijashikwa, kinasukumwa nyuma mpaka kigonge komeo. Kitu lazima kinyooke, na kinachonyooka ni shaba iliyo juu kidogo ya kitako. Mara ya kwanza huoni kitu. Ukilifupisha tena na kulipiga tena linanyooka palepale. Baada ya mara kadhaa kuna pete nyembamba iliyoliwa kutoka ndani, na siku moja ganda linakatika vipande viwili huku moshi wa shinikizo lile nililolitaja ukitafuta njia ya kutokea. Njia hiyo iko karibu na shavu la mpigaji.

Yale arobaini yao, yaliyopigwa mara nne au tano, yalikuwa yamebanwa vipi miaka iliyopita? Shemeji alikumbuka: mpaka mwisho, kalibu ikigonga kishikio. Tulipoijaribu hivyo kwenye ganda moja ilisoma 1.625. Nukta sita kila mara, badala ya mbili. Hapo ndipo gereji ilipokuwa kimya.

Kuna kipimo rahisi. Unachukua kibanio cha karatasi, unakinyoosha, unakikunja ncha kidogo kama ndoano, unakiingiza ndani ya ganda na kukiburuta taratibu kutoka kitakoni kwenda juu. Ganda zima ni laini. Lililoanza kuliwa, ncha inaruka kwenye mfereji na unausikia. Tuliketi watatu, kila mtu na waya wake. Kumi na moja kati ya arobaini yalikuwa na mfereji. Kwa nje mengi ya hayo yaling'aa vizuri tu. Machache ndiyo yaliyokuwa na ule mstari mweupe unaozunguka kitako. Shemeji hakuamini, akachukua msumeno wa chuma na kupasua moja kwa urefu. Ukuta wa shaba ulikuwa mnene, mnene, halafu ghafla umeliwa kama muwa uliotafunwa na panya, kisha mnene tena. Aliliweka mezani na kulitazama kwa muda. Halafu akamtazama mwanawe. Hakusema kitu, nami sikusema.

Mawili ya yale kumi na moja yalikuwa ndani ya zile risasi ishirini zilizokwisha kujazwa. Tulijua kwa sababu tulibomoa zote. Na, sikiliza hili, hayo mawili hayakuwa kati ya saba zilizogoma. Yalikuwa kati ya kumi na tatu zilizoingia vizuri.

Niliwaandalia lahajedwali, bila shaka. Nisingekuwa mimi. Safu ya kwanza ni kundi la ganda, ya pili idadi ya mara lililopigwa, kisha kipimo kabla ya kubanwa na baada. Lakini mpwa alibuni njia bora kuliko yangu: visanduku vitatu vya plastiki na kalamu. Cha kwanza, maganda ya bunduki yetu, kalibu kwenye mstari mwekundu. Cha pili, ya kununua, yasiguswe mpaka ile kalibu nyingine ifike. Cha tatu ni debe la rangi lenye maandishi ya herufi kubwa, CHUMA CHAKAVU, na ndani yake kila ganda lilipondwa mdomo kwa koleo kabla ya kutupwa, ili asije mtu akaliokota na kulihurumia.

Watakaopenda vifupisho wafurahie hiki: mojawapo ya kampuni kubwa za mashine hizi huko, RCBS, ilianza mwaka wa 1943 California, na herufi zake zinatokana na kalibu ya kutengenezea vichwa vidogo vya risasi vya kuwindia marmoti wa huko. Miaka yote hii nilidhani ni itifaki ya mtandao.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba nilikuwa nimesharudi Nairobi. Walitoka alfajiri na risasi kumi na tano walizozijaza kutoka kwenye kisanduku cha kwanza, kila ganda likiwa limepita kwenye komeo lililo uchi kabla ya kupata fataki. Kulungu hawakumwona. Jioni walipiga tano kwenye karatasi ya shabaha ili kijana asirudi mikono mitupu, na usiku huohuo akanitumia vipimo vya yale maganda matano: 1.631, yote.